Lenzi ndogo ngumu au lenzi kubwa ya sklera: ulinganisho kwa mwenye keratokonasi

Nina keratokonasi, na macho yangu mawili hayavai lenzi ya aina moja. La kushoto, ambalo konea yake, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, haijachongoka sana, linavaa lenzi ndogo ngumu yenye kipenyo cha milimita 9.6, inayoelea juu ya machozi katikati ya jicho. La kulia, ambalo ndilo lililoharibika zaidi, kwa mwaka wa nne sasa linavaa lenzi kubwa ya sklera yenye kipenyo cha milimita 16.5, inayokalia sehemu nyeupe ya jicho na kuiruka konea yote bila kuigusa. Nafundisha hisabati katika shule ya sekondari mjini Dodoma, ambako upepo na vumbi havihitaji kuelezwa kwa aliyewahi kuishi huko, na kila siku ya kazi lenzi hizi mbili hupita katika chaki ileile, jua lilelile na uchovu uleule. Ulinganisho huu umetokana na hali hiyo. Anayeusoma akiwa bado hajaamua aelewe mapema kwamba swali la ipi bora halijibiki kabla ya kujibiwa mengine mawili: konea yako imechongoka kiasi gani na mahali gani, na siku yako unaipitisha wapi.

Keratokonasi ni hali ambayo konea hukonda na kutuna hadi kupata umbo la pia. Mara nyingi huanza katika umri wa balehe, huendelea katika miaka ya ishirini, na kwa wengi hupunguza kasi mtu anapokaribia au kuvuka miaka arobaini. Miwani huanza kushindwa kwa sababu kioo chake kinaweza kurekebisha mpindo ulio sawia, lakini hakiwezi kurekebisha uso wenye mabonde na vilima. Ndiyo maana taa moja ya pikipiki usiku huonekana kama taa tano zenye mikia. Lenzi ngumu hutatua jambo hilo kwa njia nyingine. Uso wake wa mbele ni laini na haubonyei, na nafasi iliyobaki kati yake na konea hujazwa na majimaji, kama lipu inavyojaza mianya ya ukuta wa matofali yaliyopangwa vibaya. Kwa kuwa majimaji hayo hupinda mwanga karibu sawa na konea yenyewe, sehemu kubwa ya mabonde yale hutoweka machoni pa mwanga unaoingia. Kanuni hii ni moja kwa lenzi ndogo na kubwa, na kwa hiyo tofauti ya herufi unazosoma kwenye chati kwa kawaida huwa ndogo. Anayechagua kwa kuangalia chati peke yake anapima jambo ambalo lenzi hizi hazitofautiani sana.

Lenzi laini za kawaida, zikiwemo zile za rangi zinazouzwa hata kwenye maduka ya vipodozi, nitazipita haraka. Hizo hujikunja na kufuata umbo la konea, zikavibeba vilima vilevile hadi juu. Zipo lenzi laini zilizotengenezwa makusudi kwa keratokonasi, nene zaidi katikati ili zisijikunje, nazo humfaa mtu ambaye hali yake ni ya mwanzo na asiyestahimili kitu kigumu jichoni. Unene huo, hata hivyo, hupunguza hewa inayoifikia konea. Ambaye bado anasoma vizuri kwa miwani hana sababu ya kuharakisha lolote kati ya haya.

Inashangaza kidogo kwamba iliyo kubwa ndiyo kongwe. Mwaka 1888 Adolf Fick, aliyekuwa Zürich, na Eugène Kalt wa Paris, kila mmoja kwa njia yake, walijaribu kuvalisha jicho ganda la kioo, na Kalt alilikusudia hasa kwa ajili ya konea iliyochongoka. Makombe yale yalikuwa mazito, hayakupitisha hewa, na mvaaji aliyavumilia kwa saa chache tu. Mwaka 1948 Kevin Tuohy wa California alileta lenzi ya plastiki iliyofunika konea peke yake, na kwa miongo kadhaa lenzi ndogo ndiyo ikawa jibu. Kilichoirudisha ile kubwa ni plastiki mpya zinazopitisha oksijeni, zilizoanza kupatikana katika miaka ya 1970. Nataja historia hii kwa sababu baadhi ya wauzaji huiita lenzi ya sklera teknolojia mpya kabisa, na mnunuzi akalipia upya ambao haupo.

Tofauti ya kwanza yenye uzito ni mahali lenzi inapoegemea. Lenzi ndogo huegemea konea, tena konea iliyo dhaifu. Mtaalamu anayeijua kazi yake huipima kwa tone la rangi ya njano ambayo chini ya mwanga wa bluu hung'aa kijani: penye majimaji panang'aa, na lenzi inapogusa pana kiza. Anachotafuta katika jicho la keratokonasi ni mguso hafifu sana kwenye kilele na egemeo pembeni, ili mzigo ugawanyike. Kiza kizito kikiganda kileleni, lenzi inasugua kila unapopepesa, na kusugua kwa miaka huacha kovu ambalo halirekebishwi na lenzi yoyote. Jicho langu la kulia lilifikia hapo. Niliipenda lenzi ile kwa sababu niliona vizuri nayo, na kwa miaka miwili sikurudi kupimwa, kosa ambalo ni langu mwenyewe. Nilipokwenda hatimaye, kileleni palikuwa na alama nyeupe ndogo kama punje ya ulezi.

Lenzi ya sklera huegemea sehemu nyeupe, ambayo haina hisia kali kama konea, na juu ya konea hubaki hifadhi ya maji. Inapovaliwa tu, nafasi hiyo hukusudiwa kuwa maikroni (elfu moja hufanya milimita moja) mia mbili hadi mia tatu hivi, na baada ya saa kadhaa lenzi huzama ndani ya utando wa jicho na nafasi kupungua kwa takriban maikroni mia moja. Ili kuifahamu namba hiyo, kumbuka kwamba konea ya kawaida ina unene wa maikroni 540 hivi katikati. Kwa sababu ya kuzama huko, upimaji wa nusu saa hautoshi. Anayetoka Singida au Songea kwenda kupimwa jiji jingine apange kulala, maana lenzi iliyokaa vizuri saa tatu asubuhi inaweza kuwa imegusa kilele saa kumi alasiri, na hilo halionekani mpaka uirudie taa ya mtaalamu ukiwa bado umeivaa.

Kwa starehe, basi, lenzi kubwa inaishinda ndogo waziwazi, na hili huwashangaza wanaoiona kwa mara ya kwanza ikiwa kiganjani, kubwa kama kifungo cha koti. Kope hazigongi ukingo wake kwa kuwa ukingo umejificha chini ya kope zenyewe. Lenzi ndogo kinyume chake huhisiwa kila kope inapopita juu yake, na wiki mbili tatu za mwanzo ni za machozi mengi na kuinamisha uso.

Vumbi ndilo lililonihamisha. Chembe moja ikiingia chini ya lenzi ndogo, maumivu yake ni ya ghafla na makali kiasi cha kumsimamisha mtu barabarani. Machozi huiosha mara nyingine, na mara nyingine hakuna njia ila kuitoa lenzi hapohapo kwa mikono uliyonayo. Tena lenzi ndogo huruka. Katika mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa nimegeukia ubao nikiandika kanuni ya ujazo wa pia, na nakiri kwamba kinaya hicho sikukiona siku ile, upepo ulipoingia dirishani nikapepesa, na lenzi ya kulia ikatoka. Wanafunzi wa kidato cha nne wapatao hamsini walipandisha miguu juu ya madawati bila kuambiwa, huku mimi na kiranja tukitambaa na kupapasa saruji kwa viganja. "Mwalimu, usisogee," akasema msichana wa dawati la mbele, "iko kwenye pindo la suruali yako." Lenzi ya sklera haijawahi kunitoka yenyewe hata mara moja, na vumbi la chaki halijawahi kupata njia ya kuingia chini yake. Kwa fundi seremala, dereva wa bodaboda, mkulima au mchezaji wa mpira, sifa hii peke yake inaweza kuamua.

Lakini asubuhi mizani hugeuka. Lenzi ya kushoto naivaa kwa sekunde kumi: naiweka kwenye ncha ya kidole, navuta kope ya chini, naigusisha, imekaa. Ya kulia inanitaka nikae mezani, nitandike taulo safi, niiweke lenzi juu ya kipira chenye mdomo wa kikombe, niijaze salaini, yaani maji ya chumvi yaliyotakaswa, hadi ifurike, kisha niinamishe uso hadi utazame meza na kuileta lenzi juu jichoni bila kumwaga. Tone likipungua, kiputo cha hewa hubaki ndani, nacho huonekana kama duara jeupe linaloyumba mbele ya kila kitu. Hakuna dawa yake ila kuitoa na kuanza upya. Mwezi wa kwanza nilitumia dakika arobaini kila asubuhi na nikachelewa paredi zaidi ya mara moja. Sasa ni dakika tatu au nne. Kuitoa kunahitaji kipira kingine kidogo, na hapa pana jambo ambalo lazima ufundishwe kwa vitendo kabla ya kwenda nayo nyumbani: kipira hakibandikwi katikati, bali karibu na ukingo wa chini, ili lenzi inyanyuliwe upande mmoja na hewa iingie. Anayebandika katikati na kuvuta moja kwa moja anavuta jicho zima, na kwa konea iliyokonda au iliyopandikizwa huo ni mchezo wa hatari. Mtu ambaye mikono yake inatetemeka, au mtoto asiye na mzazi wa kumsaidia kila siku, apime hili kwa uzito kuliko starehe niliyoisifu hapo juu.

Kuna pia ukungu wa mchana. Baada ya saa nne au tano za kuvaa, maji yaliyo chini ya lenzi kubwa yanaweza kuchafuka kwa ute na mafuta ya kope, na uoni ukawa kama wa mtu anayetazama kupitia glasi yenye maziwa kidogo. Huwapata baadhi ya wavaaji, si wote, na hunipata mimi siku za joto kali. Tiba yake ni kuitoa, kuiosha, kuijaza upya na kuivaa tena, jambo linalodai mikono safi na mahali pa faragha saa saba mchana. Shuleni kwetu mahali hapo ni stoo ya maabara. Lenzi ndogo haina tatizo hili, kwa kuwa kila upepesapo machozi mapya hupita chini yake. Na kwa sababu hiyohiyo konea inayovaa lenzi ndogo hupata oksijeni kwa urahisi zaidi. Waliopandikizwa konea miaka mingi iliyopita, ambao seli zao za ndani zimepungua, wanaweza kuvimba konea chini ya lenzi kubwa, na daktari wao ndiye wa kuamua, si duka la miwani.

Katika suala la maji, lenzi zote mbili zina sheria moja ambayo haina msamaha: maji ya bomba, ya kisima, ya mvua au ya chupa ya kunywa yasiiguse lenzi wala kipira wala kikasha. Katika maji ya namna hiyo huishi kijidudu kiitwacho akantamiba, ambacho kikiingia kwenye konea huleta kidonda chenye maumivu makali na matibabu ya miezi. Kwa anayetawadha mara tano kwa siku, kufumba macho sawasawa wakati wa kuosha uso na kuyafuta kabla ya kuyafumbua kunatosha katika desturi yangu, ila kuogelea baharini au mtoni ukiwa na lenzi kuachwe kabisa, na kulala nazo vilevile.

Zinapotofautiana ni katika dawa zinazohitajika. Lenzi ndogo inataka dawa ya kusafishia na kuhifadhia lenzi ngumu, ambayo si ile ya lenzi laini inayopatikana kwenye maduka mengi; katika miji ya mikoani huenda ukalazimika kuiagiza. Lenzi ya sklera inataka hiyo, na juu yake salaini isiyo na kemikali za kuhifadhi, kwa kuwa chochote utakachojaza humo kitakaa juu ya konea siku nzima bila kuoshwa. Mimi huagiza ampuli ndogo za kutumia mara moja kutoka Dar es Salaam, zinakuja kwa basi, na nina tabia ya kuhesabu zilizobaki kila Ijumaa. Nimewaona wavaaji wanaonunua chupa kubwa ya dripu na kuitumia wiki mbili. Maji yaliyomo ni sahihi kwa chumvi, lakini chupa ikishatobolewa haina tena ulinzi wowote dhidi ya vijidudu, na katika joto letu siku mbili ni nyingi. Wanaotumia dawa ya peroksidi wakumbuke kuwa inahitaji kikasha chake maalumu na saa sita za kupoa nguvu; ikiingia jichoni kabla ya hapo huunguza.

Kuhusu gharama, sitataja bei kwa sababu hutofautiana mno kati ya kituo na kituo, lakini uwiano unajulikana: lenzi moja ya sklera huweza kugharimu mara kadhaa ya lenzi ndogo, na bado utanunua salaini mwaka mzima. Lenzi zote mbili hudumu mwaka mmoja hadi mitatu zikitunzwa, na ndogo hupotea kirahisi zaidi, hivyo ongeza hesabu ya kupoteza moja. Jambo la kuuliza kabla ya kutoa fedha ni kama bei inajumuisha kutengenezewa upya, kwa kuwa lenzi ya kwanza mara nyingi haikai sawa, na mtengenezaji yuko nchi nyingine. Kituo kimoja kiliniuzia lenzi kisha kikanitaka nilipe upya yote iliponibana baada ya wiki tatu. Lililonifundisha kuomba makubaliano ya maandishi ni risiti ile, ambayo haikutaja chochote zaidi ya kiasi nilicholipa.

Zipo njia mbili za kati. Ya kwanza ni kuvaa lenzi laini nyembamba chini ya lenzi ndogo ngumu kama godoro; huokoa kilele kinachosuguliwa na haihitaji vifaa vipya, lakini utatunza lenzi mbili kwa kila jicho, kwa dawa za aina mbili. Ya pili ni lenzi mseto, ngumu katikati na laini pembeni, ambayo hukaa imara na haisumbui kope, ila hubadilishwa kila baada ya miezi sita hivi na huweza kuchanika pale sehemu mbili zinapoungana. Niliijaribu ile ya godoro kwa miezi mitano. Ilinifaa kama kivuko, siyo kama makazi.

Lenzi haizuii ugonjwa kuendelea. Si ndogo wala kubwa, na yeyote anayedai kuwa lenzi yake itairudisha konea ndani anauza asichokuwa nacho. Kinachoweza kuuzuia ni tiba ya kukaza nyuzi za konea kwa matone ya vitamini B2 na mionzi ya urujuanimno, ambayo madaktari wa Dresden nchini Ujerumani walichapisha matokeo yake ya kwanza kwa wagonjwa mwaka 2003. Kwa kijana wa miaka kumi na saba ambaye ramani ya konea yake, yaani picha ya umbo lake inayopigwa kwa mashine, inabadilika kila miezi sita, mpangilio wenye busara ni kumwona daktari kwanza kuhusu tiba hiyo, kutibu aleji inayomfanya afikiche macho, na lenzi ya gharama kubwa ifuate konea ikishatulia. Kabla ya hapo lenzi ndogo ya bei nafuu inatosha kumpeleka shuleni, ikiwa inakaa bila kusugua. Anayevaa lenzi ngumu tayari aulize siku ngapi akae bila lenzi kabla ya kupigwa ramani, kwa kuwa lenzi hubonyeza konea na kuidanganya mashine. Na jicho likiwa jekundu, likauma, likaogopa mwanga au likafifia ghafla, lenzi ya aina yoyote hutolewa saa hiyohiyo na mvaaji huenda hospitali akiwa nayo mfukoni.

Kwa hukumu yangu, mwenye pia ndogo iliyo karibu na katikati, anayefanya kazi ndani, mwenye bajeti finyu na mtaalamu wa kumfuatilia kila miezi sita, aanze na lenzi ndogo bila kujiona amenyimwa. Mwenye pia kubwa au iliyoteremka chini, mwenye kovu, anayekaa vumbini au aliyeijaribu lenzi ndogo kwa uaminifu akashindwa, aende kwenye ya sklera, mradi ana mikono tulivu na njia ya uhakika ya kupata salaini. Jicho langu la kushoto bado liko upande wa kwanza. Katika kipimo cha mwezi wa pili rangi ya kijani ilionyesha kiza kidogo kileleni, tukakubaliana lenzi iongezwe mwinuko na nirudi baada ya miezi mitatu. Kiza hicho kikiwa bado kipo, nitaagiza kubwa ya pili na kuongeza idadi ya ampuli za Ijumaa.